Miaka Yangu ya Vidonge Pale Swichibodi

Kwa miaka mingi watu wa Dodoma walinijua kwa sauti tu. Nilikuwa mpiga simu katika ofisi moja ya serikali, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, mimi na mwenzangu Mwanahamisi, mtu wa Kondoa. Simu ikiingia kitaa kinawaka kwenye swichibodi, unachomeka waya, unasema, "Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Kazi ilikuwa hiyo, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nikienda sokoni Majengo, nikiuliza tu bei ya vitunguu, mwanamume nisiyemjua hugeuka: "Dada, wewe si yule wa kwenye simu?"

Naandika haya kwa ajili ya binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu. Wiki chache zilizopita alirudi kutoka kliniki na karatasi mkononi, akakaa kwenye baraza yangu na kulia. Amekutwa na presha, ameambiwa atameza vidonge kila siku. "Bibi, wewe umemeza miaka mingapi?" akaniuliza. Nilipomjibu akazidi kulia. Mimi si daktari, na mambo ya mishipa wanayajua wenyewe. Ninachokijua ni jinsi vile vidonge vilivyokaa mwilini mwangu, na makosa niliyoyafanya.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara. Tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuziona sabuni za kila rangi zimepangwa madirishani Majengo, na mitumba, na redio kaseti zinazopiga kelele kutwa. Maduka ya dawa ya watu binafsi nayo yakafunguliwa moja baada ya jingine. Ofisini kulikuwa na neno moja lililotunyima raha: kupunguzwa. Kila mwezi tulisikia kwamba majina yanaandikwa.

Siku presha yangu ilipojulikana sikwenda hospitali kwa ajili yangu. Nilimpeleka mama mkwe wangu, Mama Perusi, aliyekuwa akisumbuliwa na magoti. Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati wa zabibu, na kwenye benchi la wagonjwa wa nje kila mtu alikuwa na kifuko chake cha zabibu mapajani. Nesi aliyepima presha aliitwa Veronika, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimpima mama, akacheka.

"Bibi, wewe una presha ya msichana." Kisha akanigeukia. "Hebu na wewe leta mkono, nione kama hii mashine inasema kweli."

Akapima. Akapima mkono wa pili. Akaniambia nikae dakika kumi nisiongee na mtu, akapima tena.

"Kichwa kinakuuma?"

"Asubuhi, hapa nyuma. Nilidhani ni vile vyuma vya kusikilizia simu, vinanibana."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

Akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi, kama mtu anayedhani tumebadilishana karatasi.

Tulipofika nyumbani, mama hakungoja hata kukaa. Mume wangu Yoramu alikuwa uani akisafisha buti zake. Alikuwa msaidizi wa mpima ardhi, kazi yake kushinda porini akipigilia mambo, yaani vigingi vya mipaka ya viwanja vipya, na alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kichekesho.

"Yoramu," mama akamwambia, "umempa mwenzio mawazo gani?"

"Mawazo? Mawazo gani, mama?"

"Ana presha. Presha ni mawazo. Sema umemfanya nini."

Nesi hakusema neno lolote kuhusu mawazo. Lakini enzi zile, na hata sasa, watu wengi waliamini hivyo, na ikiwa mwenye presha ni mke basi mwenye kosa ni mume. Wiki nzima watu walikuja kunipa pole huku wakimwangalia yeye kwa jicho la pembeni. Kaka yake mkubwa akamwita faragha. Akina mama wa kanisani wakaniombea nipate amani ndani ya nyumba. Yoramu akaacha kucheka.

"Waambie basi," akaniambia siku moja. "Waambie sikupigi, na sina mwanamke mwingine."

"Nitawaambiaje, Baba Neema? Hawaniulizi mimi."

Ndivyo ugonjwa wangu ulivyoanza kumuuma yeye kabla haujaniuma mimi.

Dawa za kwanza zilikuwa vidonge vya njano, methyldopa, mara tatu kwa siku. Nesi Veronika alinieleza kwa mikono: hii inautuliza ubongo usiamrishe mishipa ijibane. Na kulikuwa na kidonge kidogo cheupe tulichokiita kidonge cha maji. "Hiki kinatoa maji na chumvi mwilini," akasema. "Utakwenda chooni sana. Na hivi vya njano vitakupa usingizi wiki za mwanzo. Vumilia, mwili utazoea."

Nilikuwa nimelala vizuri usiku, nimekunywa chai, na bado saa nne asubuhi kichwa kinaangukia kwenye swichibodi. Mdomo ulikauka kana kwamba nimelamba unga. Vitaa vinawaka vitatu vinne, naviona kwa mbali kama moto wa porini. Siku moja mkurugenzi aliomba aunganishwe na Arusha, mimi nikamuunganisha na kantini, akaulizwa anataka chapati ngapi. Mwanahamisi alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha ghafla akageukia vitaa vyake, maana mlangoni alikuwa amesimama Bwana Sekwao wa utawala.

Usingizi ulipopungua, kidonge cha maji kikabaki. Choo chetu kilikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya gereji. Nilikwenda saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu. Mwanahamisi alibaki na kazi ya watu wawili, hakulalamika hata mara moja. Bwana Sekwao ndiye aliyelalamika, tena kwa upole, na upole wake ukanitisha zaidi.

"Mama Neema, wakubwa wanataka majina. Sipendi kuliandika jina lako kwa sababu ya choo."

Nikatoka pale nimeshaamua. Nitameza Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi vidonge vitakaa kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati.

Sikumwambia mtu. Nilijisikia vizuri mno! Usingizi umeisha, mdomo umerudi, natembea kama msichana. Hapa ndipo presha inapokudanganya, mwanangu unayesoma: vidonge ndivyo vinavyokufanya ujione mgonjwa, na ugonjwa wenyewe hausemi kitu. Kila mwezi nilikwenda kliniki. Nesi Veronika anapima, anakunja uso. "Unameza?" Nasema nameza. "Zote?" Zote. Anaandika kwenye daftari langu. Mara ya kwanza akaniongezea vya njano. Mara ya pili daktari akaniandikia vya waridi, propranolol, vya kuupunguzia moyo mbio. Hivyo navyo vikaingia kwenye kopo, nikawa navimeza mwisho wa wiki tu. Jumamosi miguu inakuwa mizito kama nimevaa buti za Yoramu, mikono inakuwa ya baridi katika jua lile la Dodoma. Binti yetu Neema, alikuwa darasa la pili, alinishika shavuni akaruka. "Mama, mkono wako kama samaki!"

Hilo la kumeza na kuacha, kumeza na kuacha, kwa vidonge vile hasa, baadaye niliambiwa ni hatari kuliko kutomeza kabisa. Wakati ule sikujua, na sikumpa mtu nafasi ya kunijulisha.

Ukafika mwezi wa tisa, upepo wa Dodoma unaobeba vumbi hadi ndani ya sukari. Jumatano, saa nne na nusu, Mwanahamisi alikuwa ametoka kunywa chai. Kitaa cha Tabora kikawaka. Tawi letu la Tabora lilikuwa na mpiga simu aliyeitwa Mzee Kapama. Tulikuwa tumezungumza karibu kila siku ya kazi kwa miaka saba, na hatukuwa tumeonana hata mara moja. Nilimjua kwa kikohozi chake cha tumbaku na kwa namna alivyosema "Dodoma!" kana kwamba nimemfumania.

Nikachukua waya, mkono wa kulia ukakosa tundu. Nikajaribu tena, ukakosa. Nikauchomeka kwa mkono wa kushoto.

"Dodoma!" akasema Mzee Kapama.

Nikataka kusema shikamoo. Kilichotoka sikukitambua. Kilikuwa kama sauti ya mtu mwenye kitambaa mdomoni.

Akacheka. "Mama Neema, umekunywa nini leo?"

Nikajaribu tena. Safari hii hakucheka.

"Mama Neema. Uko na nani hapo? Mpe simu mtu mwingine. Unanisikia? Usisimame. Kaa hapo hapo."

Nilisikia akikata. Kisha vitaa vikaanza kuwaka, kimoja, cha pili, cha tatu, vyote vya nje. Alikuwa anapiga kila namba ya ofisi yetu aliyokuwa nayo kwenye daftari lake. Nyingi zilipitia kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa nazitazama. Moja ilikwenda moja kwa moja kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi. Mwanahamisi aliniambia baadaye kwamba yule dada alishuka ngazi bila viatu. Wakanivua vyuma vya masikioni. Mate yalikuwa yananitoka upande mmoja, na nilichokiwaza, Mungu anisamehe, ni kwamba Bwana Sekwao ataniona.

Nililazwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Walichukua daftari langu la kliniki wakafuata yaliyoandikwa: vya njano vingi, vya waridi, cheupe. Asubuhi ya siku ya tatu niliamka kwenda kunawa, nikaweka miguu chini, na sakafu ikaja usoni. Walinikuta nimelala chini, presha yangu imeshuka hata mashine haikuipata vizuri. Daktari alishangaa: dawa hizi hizi, kipimo hiki hiki, mtu anameza miezi sita, iweje leo zimwangushe?

Mchana ule Nesi Veronika alipanda wodini. Yoramu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika bakuli la uji. Nesi akavuta kigoda.

"Mama Neema, nitakuuliza mara moja, na sitakugombeza. Ulikuwa unameza?"

Ulimi ulikuwa bado mzito. Nikatikisa kichwa.

"Kabisa?"

"Ju-ma-mosi," nikasema. "Ju-ma-pili."

Akavua miwani, akaifuta kwa gauni lake. "Kwa hiyo mimi nilikuwa naongeza dawa kwa mtu asiyekuwepo."

Yoramu akaweka bakuli chini. "Miezi sita," akasema. "Miezi sita watu wananiambia mimi ndiye ninayekuua, nami nawajibu, hapana, anameza dawa zake, atapona. Kumbe ulikuwa unaniacha niseme uongo barabarani?"

Nililia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa upande mmoja wa uso. Yule nesi akamgeukia.

"Baba, nani alikwambia unamuua?"

"Kila mtu. Kwamba ni mawazo."

"Mama yake mzazi alikufa kwa nini?"

Yoramu akanitazama, akajibu kwa niaba yangu: "Alianguka shambani. Mkono na mguu vikafa. Hakuinuka."

"Basi ni ya kwao, iko kwenye damu. Napima watu wenye furaha zao tele, na presha iko juu. Si wewe uliyemletea."

Yoramu aliinama, akafunika uso kwa mikono yake miwili yenye mikwaruzo ya miiba. Nilitaka kumgusa mabega. Mkono wangu wa kulia haukuinuka, nikatumia wa kushoto.

Baada ya hapo walianza upya na mimi, taratibu, kidonge kimoja kwanza. Na mimi nikaanza kusema kweli. Nikisikia kizunguzungu, nasema. Nikisahau, nasema nimesahau. Kwa kidonge cha maji Nesi Veronika akanipa ushauri mdogo ambao laiti ningeuomba tangu mwanzo: kimeze saa kumi na moja alfajiri, na chooni utamaliza kabla hujatoka nyumbani. Jambo dogo kama hilo! Nilikuwa nimepoteza mkono na ulimi kwa aibu ya kuuliza habari ya choo.

Nilikaa nyumbani miezi mitatu. Nikikumbuka sasa, naiona kama miezi mizuri, ingawa wakati ule niliihesabu kwa machozi. Neema akirudi shule alifungua kitabu chake cha kusoma, akaninyooshea kidole. "Soma, mama. Kwa sauti." Nasoma, nakosea, ananirudisha nyuma kama mwalimu wake. Ba, be, bi. Alinichapa hata na kijiti mara moja, nikacheka, akacheka, na kicheko kikatoka sawa pande zote mbili za uso. Akaniangalia. "Mama, umerudi," akasema.

Na mama mkwe. Mlenda wake, ile mboga yetu ya kuteleza, ulikuwa unajulikana kijijini kwao kote, na siri ya mlenda ni magadi. Nesi alisema chumvi basi, na magadi basi. Nilidhani mama atakasirika. Akapika chungu kimoja, bila chumvi, bila magadi, mlenda umelala tu kama maji ya mvua, akaketi na mimi tukala pamoja na ugali wa uwele. Siku zote alikula nilichokula.

"Mama, jipikie wewe chako chenye chumvi," nikamwambia.

"Hiki kimeyafaa magoti yangu," akasema. Magoti yake yalikuwa vile vile.

Hakuomba radhi kwa maneno yale aliyomwambia mwanawe siku ya kwanza. Lakini jioni moja nilimsikia akimkaripia jirani aliyekuja na habari za mawazo: "Wewe umepima watu wangapi?"

Nilirudi kazini wakati mvua za kwanza zinanyesha. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya mwaka ule. Mzee Kapama alipopiga nikasema, "Shikamoo, Tabora." Kwa mara ya kwanza katika miaka saba hakusema kitu mara moja. Kisha akakohoa. "Marahaba, Dodoma. Marahaba."

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Vya njano vilinitia huzuni isiyo na sababu, nikawaambia, wakaviondoa. Wakanipa vyekundu, nifedipine, vya kulegeza mishipa ipanuke. Vilishusha presha vizuri, lakini uso uliwaka kama nimeinamia jiko, na ikifika alasiri miguu imevimba, viatu vyangu vyote havinitoshi. Nilikwenda kazini na makobazi ya Yoramu, mimi niliyekuwa na jozi tatu za viatu vya visigino. Yeye akanitania tukiwa njiani: "Angalau sasa tunavaa saizi moja." Alikuwa ameanza kucheka tena.

Daktari akajaribu captopril, kidonge kipya wakati ule, tulikipata kwenye duka la dawa Majengo kwa sababu hospitali haikuwa nacho. Kilinuka kama yai viza ukifungua kikopo. Miguu ikapungua. Presha ikatulia. Nikafikiri nimefika. Kisha kikaja kikohozi. Kikavu, cha kutekenya kooni, hakina makohozi, hakisikii asali wala limau. Fikiria mpiga simu anayekohoa. "Habari za asubuhi, niku— niku— samahani." Watu wa Mwanza, wa Mbeya, wakawa wananipa pole ya mafua kwa miezi mitatu mfululizo.

Walio karibu hawakunipa pole. Nilikuwa nimepungua kwa kula bila chumvi na bila mafuta, na sasa nakohoa. Waliokuwepo miaka ile wanajua kukohoa na kukonda kulimaanisha nini machoni pa watu. Tulikuwa tunazika vijana kila mwezi. Ofisini nikaona kikombe changu kimetengwa kwenye kona ya trei. Hakuna aliyesema. Sokoni mama mmoja niliyenunua kwake mchicha miaka yote alinirudishia chenji kwa kuiweka mezani badala ya mkononi mwangu. Na Yoramu alisikia mengine huko porini kwa wenzake.

"Wanasema nini?" nikamuuliza.

"Usiulize."

"Wanasema mimi, au wanasema sisi?"

"Sisi." Kisha akasema, "Safari hii hatunyamazi. Kesho naomba ruhusa, twende wote kwa nesi."

Tulikwenda. Nesi Veronika alinisikiliza nikikohoa mara mbili tu, akauliza, "Kilianza lini?" Nikasema wiki chache baada ya kidonge kile. Wakanipima kifua na makohozi kwanza, wakaona hakuna kitu, akasema, "Ni dawa. Kuna watu inawakohoza, haina ubaya mwingine, lakini haitaacha mpaka uache wewe. Na usiache mwenyewe! Tunabadilisha leo leo."

Wakanirudishia kile chekundu, kwa kipimo kidogo zaidi, pamoja na kile cheupe cha alfajiri. Kikohozi kilikaa wiki mbili tatu, kikaondoka kama kilivyokuja. Miguu ilivimba kidogo tu, ya kuvumilika. Nikaambiwa nile ndizi nikibanwa na misuli. Mchanganyiko huo ndio ulionishika kwa miaka mingi. Wa mwingine utakuwa tofauti na wangu, na huenda ukapatikana mapema au ukachelewa. Mimi ulinichukua karibu miaka mitatu.

Mwanahamisi ndiye aliyemaliza habari ya kikombe. Siku moja wakati wa chai alikichukua kile changu kutoka pembeni, akamimina chai yake humo, akanywa mbele ya wote, akaniuliza kwa sauti, "Mama Neema, mtoto hajambo?" Basi. Kesho yake vikombe vyote vilikuwa katikati ya trei.

Miaka miwili baadaye swichibodi yenyewe iliondolewa. Ikaletwa mashine ndogo ya rangi ya maziwa ambayo haikuhitaji watu wawili, na halafu haikuhitaji mtu kabisa. Tulipunguzwa siku moja, mimi na Mwanahamisi. Alirudi kwao Kondoa akafungua duka la kanga. Kwa kiinua mgongo nilichopewa, mimi na Yoramu tulianza msingi wa nyumba hapa Nkuhungu, kwenye kiwanja alichokipigilia mambo kwa mkono wake wakati mahali hapa palikuwa mashamba na miiba, na usiku, aliniambia, fisi walipita wakinusa vigingi. Neema alikulia hapa. Mama mkwe alifia hapa, na magoti yake. Yoramu naye hayupo sasa, ni mwaka wa sita. Wakati ule kila mtu alijua ni nani atakayetangulia kati yetu, hata mimi nilijua.

Siku ninayoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwaka wa mvua kubwa, muda mfupi baada ya kupunguzwa. Yoramu alinipeleka Bahi kwa treni kununua mpunga. Maji yalikuwa yamejaa bondeni, watu wanavua kambale mahali walipozoea kuchungia ng'ombe. Nilivua viatu tukapita juu ya matuta ya majaruba ya mpunga, yeye mbele, mimi nyuma, matope yakipanda katikati ya vidole. Nilitembea vile kwa saa nzima, na nilikuwa nimesahau kwamba nina mwili.

Tulinunua mpunga kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Mazoya. "Mbukwa," akatusalimu kwa Kigogo, tukaitikia. Alitukaribisha kivulini. Nilitoa kidonge changu cha mchana nikaomba maji.

"Hiyo dawa ya nini?"

"Ya presha."

"Presha inaumaje?"

"Haiumi. Mimi kichwa kilikuwa kinanigonga tu hapa nyuma, asubuhi."

Akaweka chini debe la kupimia mpunga. Akapeleka mkono nyuma ya shingo yake, polepole, mahali pale pale. "Mimi huwa nasema ni mizigo," akasema.

Nikamweleza kliniki ilipo na siku zake. Nikamwambia nitakuwa langoni Alhamisi. Yoramu tukiwa kwenye treni akasema hatakuja, wana mavuno. Mimi nikaenda kusimama langoni hata hivyo. Alikuja, amevaa kanga mpya, amebeba kuku chini ya kwapa kwa sababu alidhani mtu haendi kwa nesi mikono mitupu. Nikamshikia kuku. Tukakaa benchi tangu saa mbili hadi saa tano, akinisimulia habari za watoto wake saba, mpaka jina lake likaitwa.

Nesi Veronika akamfunga ule mkanda mkononi, akaanza kuujaza upepo. Mama Mazoya akakaza macho, akaninong'oneza kwa hofu:

"Unabana."

"Utaachia," nikamwambia, nikamshika mkono wa pili.